Arosto: Kwa Nini Kijana Hawezi "Kuacha Tu"



Vijana wenzangu, leo tuzungumze juu ya arosto. Neno hili nyote mwalijua, hata asiyewahi kugusa unga amelisikia maskani. "Yule ana arosto," na watu wacheka. Leo tusicheke, tuelewe ni kitu gani.

Heroini, huu unga wetu, yafanya kazi kwenye ubongo, pale pale panaposhughulika na maumivu na raha. Ukitumia kila siku ubongo wajizoesha, na kete iliyokuwa yatosha haitoshi tena. Hufika wakati mtu hatumii kwa starehe. Atumia ili aweze kuamka na kwenda kazini kama mtu mwengine. Akiikosa, kati ya saa 6 hadi 12 huanza miayo, mafua, machozi, jasho, vinyweleo kusimama. Siku ya pili na ya tatu ndo mbaya zaidi: mifupa yauma, tumbo lakata, atapika, aharisha, halali. Kwa wengi hutulia baada ya wiki moja hivi.

"Wiki moja tu? Si avumilie?" Hili swali naulizwa sana. Mwili watulia, kichwa hakitulii. Huzuni, wasiwasi, kukosa usingizi na ile hamu vyaweza kukaa miezi. Tena wengine walianza unga kwa sababu ya jeraha la moyoni, kafiwa au kadhulumiwa akiwa mtoto, hakupata wa kumwambia. Unga ulimnyamazishia. Akiuacha, jeraha lamrudia likiwa bichi. Na kuna upande wa pili: bangi nyingi, au kukesha na muguka siku nenda siku rudi, vyaweza kumfanya mtu asikie sauti na kushuku kila mtu. Hapo twasema ana jini. Msomeeni ruqya, sikatai, lakini hospitali pia mpelekeni.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma. Kuna majumba mtaani kijana hufungwa chumbani, wengine kwa mnyororo, "mpaka imtoke". Wazazi wafanya hivyo kwa uchungu, nawaelewa. Lakini kutapika na kuharisha bila maji kwaweza kuua. Na ikiwa alikuwa akitumia pombe kila siku, au tembe kama bugizi, kumkatisha ghafla kwaweza kumletea kifafa na kuchanganyikiwa, akafa. Hivi viwili havikatwi ghafla bila daktari. Tafadhali mwambieni mama leo leo.

Katiba yetu, Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya. Haikusema "isipokuwa teja". Kifungu cha 29 chakataza mateso. Na kijana aliye seli akiwa na arosto atakubali kosa lolote ili atoke. Ndo maana Kifungu cha 49 chasema aliyekamatwa asilazimishwe kukiri. Mkisikia amekamatwa, nendeni kituoni mapema, mkaombe apelekwe kwa daktari.

Kuna methadoni. Kenya ilianza kuitoa Mathari mwisho wa 2014, kisha Malindi 2015, na baadaye Kisauni. Ni dawa ya maji, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Yazuia arosto bila kumlewesha akipewa kipimo sawa. Wengine wasema ni kubadilisha unga kwa unga. Mimi nawauliza: mgonjwa wa sukari anayedungwa insulini kila siku, naye twamwita teja?

Mwamjua yule swahaba aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa. Aliadhibiwa, ndiyo. Lakini mmoja alipomlaani, Mtume (SAW) alimkataza, akashuhudia kwamba mtu yule ampenda Allah na Mtume Wake. Sisi twawafukuza hata barazani pa msikiti.

La mwisho, na hili wengi hawalijui. Aliyekaa jela au kwenye matibabu miezi kadhaa, mwili wake umesahau unga. Akitoka akarudia kipimo kile kile cha zamani, yaweza kumuua papo hapo. Kwa hivyo wiki za kwanza akirudi nyumbani msimwache peke yake. Mkimkuta hazinduki, apumua kwa shida na midomo yageuka rangi, mlazeni kwa ubavu, mkimbizeni hospitali, na msiogope kusema alichotumia.

Haya, maswali.