Tusimzimie Mgonjwa Redio
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Tunaanza na mama mmoja tuliyekuwa tukimtembelea. Alikuwa mweka hazina wa kikundi chake. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia na kumnyang'anya maneno. Akitaka maji, alisema "kuni", kisha akalia. Jamaa zake walizima redio ili apumzike. Hata sisi tulikaa mbele yake tukimwuliza binti yake, "Mama anaendeleaje?" Hapo tulikosa.

Aliyepoteza maneno hajapoteza akili, wala hajarogwa. Kiharusi ni damu kushindwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa kupasuka humo. Kwa watu wengi, kazi ya lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, lakini muziki huamsha pande zote mbili. Ndiyo maana mtu anaweza kushindwa kuomba chai, na wimbo akauimba.

Huko Finland, watafiti walichukua wagonjwa 60 wa kiharusi, wakawagawa makundi matatu. Kundi moja lilisikiliza muziki waliojichagulia, angalau saa moja kila siku kwa miezi miwili. La pili lilisikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti. La tatu lilipata matibabu ya kawaida tu. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: kundi la muziki ndilo lililopata nafuu zaidi katika kukumbuka maneno. Utafiti wa mwaka 2020 ukaonyesha kwamba nyimbo zenye maneno zinasaidia kuliko vyombo vitupu.

Haya, nyumbani tufanye nini?

1. Kwanza hospitali, mara moja! Dawa za presha zisiachwe. Wimbo hauchukui nafasi ya daktari.

2. Tafuteni nyimbo alizozipenda yeye, si zenu. Achague hata kwa kutikisa kichwa.

3. Wekeni redio au simu kama saa moja kwa siku, sauti ya kiasi. Akichoka, zimeni.

4. Imbeni naye pole pole. Akikwama, mngojeeni. Msimcheke.

Yule mama hakurudia kusema kama zamani. Lakini siku moja kikundi kilikutana kwake, wakaimba, naye akaitikia kiitikio chote. Kisha akavuta daftari la michango, akaonyesha kwa kidole jina la mtu ambaye hajalipa. Tulicheka sote, naye akicheka.

Je, katika kikundi chenu, ni nani aliyenyamaza? Nendeni kwake wiki hii.