Mizani na Jirani

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kusema nanyi juu ya mizani. Si ile ya dukani ipimayo mchele na sukari, bali ile itundikwayo juu ya boriti au tawi la mti, mtoto akapimwa uzito wake. Twaanza nayo kwa kuwa njaa ya mtoto ina hila, haipigi hodi. Mtoto hucheka na kucheza, na huku uzito wake wapungua mwezi hata mwezi. Mama atambuapo, huenda amekwisha chelewa.

Hayo yalitokea Florestópolis, mji mdogo wa jimbo la Paraná katika nchi ya Brazil, ambako watu wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya miwa. Katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 127 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Dawa ya kuhara ilikuwa yajulikana: maji safi, sukari, na chumvi kidogo, vyote kwa kipimo. Lakini elimu hiyo ilikaa kwa waganga, haikufika jikoni.

Mwaka 1982 James Grant, mkuu wa UNICEF, alimwambia Kardinali Paulo Evaristo Arns ya kuwa Kanisa laweza kuifikisha. Kardinali akampelekea habari umbu lake, Zilda Arns, daktari wa watoto, naye ni mjane aliyelea watoto wake mwenyewe. Mwaka 1983 alianza kazi Florestópolis, ikaitwa Pastoral da Criança, yaani Uchungaji wa Watoto.

Bibi huyu aliikumbuka habari ya Injili ya mikate mitano na samaki wawili, jinsi makutano walivyoketishwa makundi makundi ndipo wakalishwa. Naye akafanya vivyo hivyo. Alichagua wanawake wa mitaa ile ile, wasiolipwa mshahara, akawafundisha, na kila mmoja akapewa nyumba chache za jirani zake. Kila mwezi huzizuru, huwashauri wenye mimba, huwahimiza mama kunyonyesha, na huonyesha namna ya kuchanganya ile dawa. Kisha huja siku ya mizani, nayo huitwa Sherehe ya Uhai. Hawaulizi dini ya mtu.

Labda mmoja wenu atanena, “Mwanamke asiyesoma sana ataweza nini mbele ya mauti?” Twamjibu kwa hesabu: baada ya mwaka mmoja wale 127 walipungua wakawa 28. Daktari hakai mtaani usiku na mchana, bali jirani yupo. Husikia kilio cha mtoto, na mama humfungulia mlango bila ya haya.

Zilda Arns alifariki tarehe 12 Januari 2010 katika mji wa Port-au-Prince, nchi ya Haiti, kwa tetemeko la ardhi, alipokuwa amekwenda kuwaeleza watu kazi hii hii. Kazi haikufa naye, kwani alikuwa ameiweka katika mikono mingi.

Nasi je? Wahenga wetu walinena, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kesho tupitapo mlango wa jirani mwenye mtoto mchanga, tusipite kimya. Tubishe hodi, tuulize hali ya mtoto.

Kwaherini.