Kitoweo cha Kuku Kisichonunuliwa Dukani

(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)



Awali ya yote tumshukuru Mungu aliyetufikisha miaka 10. Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi nitasema juu ya kuku, maana mikopo yetu mingi inakwenda huko, na marejesho yakichelewa jibu ni lile lile: "Mama Mwenyekiti, chakula cha kuku kimenimaliza."

Ni kweli, waitu. Dagaa wa ziwani anatakiwa na watu, anatakiwa na kuku, basi bei haishuki. Tena aliyeanikwa chini huja na mchanga, na mchanga nao unapimwa kwenye kilo! Lakini kuku mwenyewe akifunguliwa asubuhi anachakura nini? Wadudu. Basi tumtafutie hao hao.

Njia ya kwanza ni mchwa. Chukua chungu kibovu au ndoo kuukuu, jaza mabua, majani makavu ya migomba na samadi kavu, nyunyizia maji kidogo. Jioni kifunike juu ya njia ya mchwa, mdomo chini. Alfajiri, kabla jua halijawaka, kung'uta mbele ya kuku. Wale wenye vichwa vikubwa wanaouma wape kuku wakubwa, vifaranga wape wadogo walio laini. Mahali palipopigwa dawa ya wadudu msitege.

Njia ya pili ni funza wa nzi chuma, yule nzi mweusi mwembamba asiyeuma. Tia maganda ya ndizi yaliyopondwa na mabaki ya jikoni kwenye beseni kivulini. Yawe na unyevu, yasielee maji. Juu weka vipande vya boksi kavu, nzi atage kwenye matundu yake. Mayai huanguliwa kwa siku kama 4, na kwa wiki 2 au 3 funza wamenenepa. Sisi Kagera maganda ya ndizi hatununui, tunayakanyaga tu. Ukipata wengi, watie maji ya moto, waanike juani, uwaweke akiba.

Wengine wameuliza juu ya funza wa unga wanaofugwa Ulaya na Marekani. Hao wanataka pumba na miezi kama 2 au 3, na baridi yetu inawachelewesha zaidi. Tena mdudu wao akitoroka anaingia kwenye unga wako. Tuanze na wa hapa kwetu.

Wako watakaosema huo ni uchafu. Jamani, Mhaya anayesubiri senene kwa hamu atamcheka kuku kwa kula funza? Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa kitabu kizima juu ya wadudu kuwa chakula cha watu na mifugo. Na Nairobi, kituo cha ICIPE kinawafanyia utafiti nzi hao hao.

Lakini tusidanganyane. Hiki ni kitoweo, siyo mlo. Kisizidi sehemu 1 ya 10 ya chakula. Pumba, majani na maji safi vibaki pale pale. Na funza hazuii mdondo. Chanjo ya matone ya jicho, ile ya I-2, ni kila baada ya miezi 3. Aliyeacha chanjo akanenepesha kuku, amewanenepeshea ugonjwa.

La mwisho ni hili. Zamani mwanamke wa Kihaya alikamata senene, lakini waliowala ni wanaume. Kwenye kuku isiwe hivyo. Anayeamka alfajiri kukung'uta chungu ndiye ashike na hela ya mayai. Baba akitaka jogoo wa mgeni, waelewane kwanza, maana jogoo yule yuko ndani ya mkopo, na wadhamini wake ni sisi.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali: kuanzia sasa mwenye kuomba mkopo wa kuku atuonyeshe kwanza vitu 3, yaani banda, daftari la chanjo, na beseni lake la funza au chungu cha mchwa. Kamati itapita nyumbani kwake kuona, siyo kusikia.

Kidogo kidogo hujaza kibaba. Sisi tulianza na vijisenti, na funza naye anaanza na yai dogo mno.