Mtoto Akipenda Jambo, Tumfuate
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa ukoo, Maskati)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya malezi. Mimi si mwalimu. Nilikuwa mtumishi wa serikali, na umri wangu mwingi umepita baina ya majalada. Nitasema niliyoyaona nyumbani kwangu tu, na la kwanza ni kosa langu mwenyewe.

Nilihamia Maskati mwaka 1984, nikiwa na miaka 23. Tulikuta watu wakikumbuka kuwa mwaka 1970 nchi hii ilikuwa na skuli 3 tu za kisasa, zenye wanafunzi 900 hivi, wote wavulana. Basi skuli zilipoenea, na Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kikafunguliwa mwaka 1986, tuliona kuwa mtoto anayekaa nje ya kitabu cha skuli anaichezea bahati yake.

Mwanangu mkubwa, alipokuwa na miaka saba, alipenda redio mbovu. Alizifungua, akapanga vipande vyake kisandukuni, na kutwa akiniuliza sauti inaingilia wapi. Ulipokaribia mtihani wa hesabu nilikichukua kisanduku kile nikakitupa jaani. Nilijiambia: samaki mkunje angali mbichi. Nilimkunja, naye akakunjika. Alifaulu mitihani yote, ana kazi nzuri, na ni mwema kwangu. Lakini hakuniuliza tena swali la namna ile.

Mwaka juzi alimleta mwanawe kwangu kwa likizo. Kabla ya kurudi Birmingham aliniambia: "Baba, huyu hana mazungumzo ila ya vyombo vya baharini. Nakuomba, usimtupie vitu vyake." Nikainamisha kichwa.

Nikampeleka mjukuu wangu kuliona jahazi la Sohar, lililowekwa karibu na hoteli ya Al Bustan. Liliundwa Sur mwaka 1980, mbao zake zikashonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, kama ilivyokuwa mitepe ya mwambao wetu. Novemba mwaka huo liliondoka Maskati likiongozwa na Tim Severin, na Julai 1981 likafika Canton, China. Mtoto alilizunguka mara tatu, kisha akauliza: "Babu, kama limeshonwa, mbona halikuvuja?" Sikujua. Zamani ningemwambia anyamaze. Safari hii nilisema: "Sijui, mjukuu wangu. Twende tukaulize."

Kesho yake tulikwenda Sur, wanakounda majahazi. Mzee mmoja fundi akatueleza kwa Kiarabu, nami nikafasiri: mbao zikilowa huvimba zikabanana, matundu ya kamba huzibwa, na ubao hupakwa mafuta; tena chombo cha kushonwa hunepa kidogo kikipanda mchangani, hakipasuki upesi.

Usiku tulimpigia simu shangazi yangu wa Unguja, binti wa nahodha, aliyepita miaka 80. Akampa mtoto majina: mkuku, mataruma, mlingoti, foromali. Akamwambia na ile methali: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtoto akataka kujua tezi ni wapi, omo ni wapi, ngama ni nini. Kiswahili alichokikimbia kila tulipomfundisha, sasa alikitaka mwenyewe, kwa kuwa ndicho chenye majina ya kitu akipendacho. Mpaka leo humpigia shangazi kila Ijumaa. Naye shangazi aliniambia kuwa tangu baba yake afariki hakuna mtu aliyewahi kumwuliza mambo hayo.

Ndugu zangu, mtoto akishikwa na jambo, liwe vyombo, nyota au sisimizi, tusilicheke, wala tusiligeuze kuwa mtihani. Tumpe wakati wetu. Tusipojua, tukiri, tukatafute pamoja naye. Akimwona mkubwa anajifunza, ataona kuwa kujifunza si adhabu. Wala skuli haidhuriki: mjukuu wangu alijifunza kugawa kwa kutaka kuchora jahazi kwa vipimo vyake.

Nina ombi moja. Daftari la ukoo wetu lina jina la kila mtoto, siku aliyozaliwa na nchi anayokaa. Tuongeze safu ya jambo alipendalo. Na mbele ya jina la kila mzee tuandike jambo alijualo, kisha katibu awaunganishe. Tusichelewe, kwani wazee hawa hawatatungojea.

Jana usiku mwanangu alikaa nami barazani, akaniuliza: "Baba, wewe ulipokuwa mdogo ulipenda nini?" Nikamwambia: majahazi, pale Funguni, msimu wa kaskazi. Tulizungumza mpaka alfajiri.