Mfurahini, Haleluya: Wimbo wa Pasaka Uliotoka Makumira

Jioni hizi za kuelekea Pasaka, mashine za mbao kwenye karakana za Keko, Dar es Salaam, zikinyamaza, zinasikika kwaya. Wimbo mmoja haukosi mazoezini: "Mfurahini, Haleluya". Tunauimba kwa mazoea mno, na mtunzi wake hatumtaji.

Maneno yake yaliandikwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia katika chuo cha Kilutheri Makumira, mkoani Arusha. Mwalimu mmoja wa pale, Mmarekani Howard Olson, aliwahimiza wanafunzi kuimba Injili kwa mahadhi ya kwao. Wakati huo vitabu vya tenzi vilijaa tuni za Ulaya, na Kiswahili kilibanwa kiingie humo hata mkazo wa neno ukapotea. Kyamanywa alishika mahadhi ya Kitanzania.

Na tazama anavyosimulia! Kaburi siku tatu. Malaika anawatuliza wanawake. Kisha agizo: nendeni mkatangaze. Kila ubeti unapiga hatua moja ya asubuhi ile, halafu kiitikio kinawarudisha watu wote pamoja. Bibi asiyejua kusoma anaushika kwa kusikia mara mbili tu. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo ufundi wake: aliuandikia usharika mzima, si kwaya peke yake.

 

Wimbo huu wa Kyamanywa ulivuka bahari. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliuandika kwa Kijerumani, na leo ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani. Wamisionari wa huko walituletea tenzi zao. Sasa sharika zao zinashangilia ufufuko kwa wimbo wa Makumira. Nalisema hili kwa fahari.

Walimu wa kwaya, nawasihi: msiuzamishe kwenye kinanda. Anzeni kwa ngoma na kayamba, sauti ya kwanza isikike wazi, wenye kinanda wasubiri ubeti wa tatu. Na kabla ya kuimba, mtajeni Kyamanywa.

Fundi mitambo, tuwekee wimbo.