Kurudia mtihani wa kidato cha nne: tuhesabu kwanza

(Mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya vikundi vya kujisaidia katika mkutano wa robo mwaka, uwanja wa kanisa)



Tulikuwa tumepangiwa kuzungumza juu ya mizinga ya nyuki. Mizinga itangoja. Tangu matokeo ya KCSE yatoke hatujatembelea kikundi hata kimoja bila kuulizwa swali lile lile: mtoto amepata C, arudie au asirudie? Na sababu ya swali hilo kuletwa kikundini inajulikana. Pesa za kurudia zinatoka wapi? Zinatoka kwa merigoraundi. Zinatoka kwa mkopo ambao mama mmoja ameomba na wenzake wawili wamemdhamini. Kwa hiyo mtoto akirudia, kikundi kizima kimerudia naye.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe, ndipo mtuamini kwa haya mengine. Zamani tulikuwa tukipita vijijini tukisema elimu haina hasara, kopesheni, mtoto arudi darasani. Kikundi kimoja kikatusikia. Kikampa mzee mmoja mkopo wa shilingi 40,000, naye akauza ndama juu yake. Kijana wake alikuwa na C na alitaka kusomea uhandisi chuo kikuu. Akarudia, akapata C tena. Mzee hakukubali, akamrudisha mara ya pili, na safari hiyo ikaja C-. Mkopo haukulipika. Mdhamini mmoja alikuwa mama mjane, akaulipa kidogo kidogo kwa pesa za kuku na mayai, mwaka mzima na zaidi. Yule mama tukikutana naye sokoni anatusalimu vizuri tu, lakini sisi ndio tunaoona haya.

Kosa lilikuwa wapi? Hatukuwa tumeiangalia ile karatasi ya matokeo. Hata kuiona hatukuiona. Tulisikia C tukasema C iko karibu na C+, si ni hatua moja tu? Hebu sasa tuitazame vizuri, na mwenye kalamu aandike.

Kila gredi ina pointi zake. A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8, C+ ni 7, C ni 6, C- ni 5, D+ ni 4, D ni 3, D- ni 2, E ni 1. Masomo saba ndiyo yanayojumlishwa, kwa hiyo jumla kubwa kabisa ni 84. Mwenye pointi 46 mpaka 52 amepata C+, na hapo ndipo mlango wa digrii unapofunguka. Mwenye 39 mpaka 45 amepata C. Sasa mnaona? Mtoto mwenye 45 na mtoto mwenye 39 wote wameandikiwa C kwenye cheti. Mmoja amekosa pointi moja. Mwingine amekosa saba, yaani aongeze gredi moja katika kila somo, bila kuteleza hata katika moja. Hao si watoto wa kushauriwa jambo moja. Kijana wa yule mzee alikuwa na 40. Tulikuja kuhesabu baadaye, pesa zimekwisha.

Tena tangu mwaka 2023 hesabu yenyewe imebadilika. Zamani Kiingereza, Kiswahili na Hisabati vyote vilikuwa lazima viingie katika wastani. Sasa Hisabati lazima iingie, lugha moja lazima iingie, na yale mengine matano ni yale mtoto aliyofanya vizuri zaidi. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza kabla ya mwaka huo asikate tamaa wala asishangilie mpaka ahesabiwe upya kwa njia hii. Wengine wangepanda bila kuongeza hata gredi moja, ingawa cheti cha zamani hakibadiliki kwa sababu hiyo.

Wazee, kuna neno lingine tunalisikia sana: "Mkubwa wake alipata B, huyu mdogo amepata C, ni uvivu." Ngojeni. Mwaka 2015 waliopata A katika KCSE walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016, baada ya serikali kukaza usimamizi, waliopata A walikuwa 141. Watu 141 nchi nzima! Waliopata C+ na kupanda walishuka kutoka 169,492 hadi 88,929, na mwaka 2017 wakawa 70,073. Basi ukimpima mtoto wa baadaye kwa kipimo cha kaka yake wa 2014 unamwonea. Huenda huyu wa C ndiye aliyesoma zaidi.

Haya, tuje kwa kisa cha mwaka huu. Mama mmoja, mwanachama wa moja ya vikundi vilivyo hapa, na ametupa ruhusa tukiseme, alikuja kwa kamati akiwa na binti yake. Mama akasema, "Mwenyekiti, huyu mtoto amelia siku tatu. Anataka kurudia awe nesi." Mwenyekiti akamjibu, "Mama, tumesikia. Leta karatasi." Safari hii tuliisoma. Kiswahili B-, Dini B-, Historia C+, Kiingereza C+, Bayolojia C, Biashara C, Hisabati D. Jumlisheni: 8 na 8, 16, 7 na 7, 30, 6 na 6, 42, na 3, 45. Kemia alipata D+, haikuingia. Pointi moja tu! Kamati nzima ikachangamka, wengine wakaanza kusema apewe mkopo leo leo.

Lakini binti anataka uuguzi. Tukafungua masharti ya diploma ya uuguzi. Inahitaji wastani wa C, na huo anao. Inahitaji C ya Kiingereza au Kiswahili, anayo. C ya Bayolojia, anayo. Halafu inahitaji C- katika Hisabati au Kemia au Fizikia. Hapo ndipo hana. Kwa hiyo kilichomfungia binti huyu mlango si wastani hata kidogo. Angeweza kurudia, akapandisha Historia na Dini, akapata C+ tukamchinjia kuku, na bado chuo cha wauguzi kimwambie pole. Anachohitaji ni Kemia kutoka D+ hadi C-, gredi moja. Au Hisabati gredi mbili. Hilo ndilo la kulipia.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo sisi wenye kamati hatukuwa tumeliuliza: "Na hiyo Kemia, ilimwangusha kwa nini?" Binti akasema kwa sauti ya chini kwamba shuleni kwao mwalimu wa Kemia aliondoka muhula wa pili wa kidato cha tatu, na mpaka wanafanya mtihani walikuwa wameingia maabara mara chache tu. Si mnajua karatasi ya tatu ya Kemia ni ya vitendo, mtoto anapewa vifaa anapima mwenyewe. Huwezi kuijifunza kwa kusoma daftari la jirani.

Tunaomba kila kikundi kiulize hivyo hivyo kabla ya kutia sahihi. Kilichomwangusha mtoto mwaka jana kimeondoka? Kama alikuwa akitumwa nyumbani kwa karo kila muhula, na karo bado haipo, mwaka huu utamtuma nyumbani tena. Kama alikuwa mgonjwa na sasa amepona, au kulikuwa na msiba mwezi ule wa mtihani, hapo kuna sababu ya kurudia. Na msichana anayerudia akiwa nyumbani, tusidanganyane, anageuka mpishi na mchota maji na mlezi wa wadogo zake. Anafungua kitabu saa nne usiku. Akina baba, hapa tunasema nanyi.

Mtahiniwa wa kibinafsi hujilipia ada ya mtihani mwenyewe. Juu ya hiyo kuna malipo ya kituo, maabara, masomo, na nauli. Usajili hufanywa miezi ya mwanzo ya mwaka, kwa hiyo anayefika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo mwezi wa Juni anaambiwa arudi mwakani. Aliyekaa miaka mingi nje akumbuke pia kwamba vitabu vya fasihi hubadilishwa. Aliyesoma Kigogo na Chozi la Heri akarudi, alikuta wenzake wanasoma Bembea ya Maisha na Nguu za Jadi. Ni vitabu vya kununua na kusoma upya.

Jambo la wakati nalo si dogo. Darasa la mwisho la 8-4-4 ni lile lililofanya KCPE mwaka 2023, na litafikia KCSE mwaka 2027. Mwenye nia ya kurudia asiseme nitapumzika kwanza miaka miwili nikiendesha boda.

Sasa, mwenye pointi 40 tumwambie nini? Tumwambie ukweli kwamba ana cheti kizuri. Diploma katika vyuo vya ufundi huanzia C-. Yule kijana wa mzee angeweza kuingia diploma ya ujenzi au ya umeme mwaka ule ule wa kwanza, kwa C yake, na kutoka diploma watu huendelea hadi digrii. KUCCPS, ile iliyochukua mahali pa JAB, hupanga pia wanafunzi wa vyuo vya ufundi, na HELB huwakopesha. Tatizo ni mdomo wa kijiji. Tunasema chuo cha ufundi ni cha walioanguka, halafu pampu ya maji ya kikundi ikiharibika tunamtafuta nani? Miaka mitatu ambayo kijana yule alikaa akirudia na kungoja, angekuwa fundi mwenye cheti.

Tuseme na hili kwa haraka. Wako watu wanaouza karatasi za mtihani kwa simu, na wanaorudia ndio wanaowindwa zaidi kwa sababu wana haraka. Nyingi ni za uongo. Zikiwa za kweli ni vibaya zaidi: mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa 5,101 yalifutwa. Mkopo wa kikundi usiende huko.

Yule mama kamati ilimkopesha, lakini si pesa alizoomba. Tulilipia usajili, na kituo chenye maabara inayofunguliwa kila Jumamosi. Pesa zinakwenda kwa kituo moja kwa moja, kwa vipande vitatu, na kipande cha pili hakitoki mpaka binti alete mtihani wa muhula tuone Kemia imefika wapi. Baba yake alikubali mbele ya wadhamini kwamba ng'ombe watachungwa na kaka zake. Bado hatujui itakuwaje, mtihani ni Novemba. Na kama Kemia itakataa, binti mwenyewe amesema atachukua diploma nyingine, amekwisha kuiandika jina kwenye daftari la kamati ili asije akabadilisha neno.

Jumamosi ya pili ya mwezi tutakuwa hapa tangu saa tatu asubuhi. Mwenye mtoto aje na karatasi ya matokeo, ile yenye gredi za kila somo, si kuja kutuambia kwa mdomo. Na aje na mtoto mwenyewe. Mwezi jana wazazi wanne walikuja peke yao, na watatu kati yao hawakujua mtoto anataka kusomea nini.