Vijana Wote Waingie: Tuendeleze Ukwangala wa Babu Zetu

(Maneno ya Katibu wa Tawi mbele ya mkutano wa wanaushirika. Tumeyaandika hapa ukutani kwa wale ambao hawakufika.)



Leo tunalo jambo moja tu. Ushirika umekubali kuwapa vijana eka moja walime viazi na kupanda maparachichi. Hilo limekwisha. Ubishi uliobaki ni huu: nani aingie katika kikundi? Wapo wanaosema waingie watoto wa wanachama tu, tena wenye kiingilio mkononi. Ati mtoto wa mhamiaji asubiri, na binti aliyezaa akiwa shuleni akae nyumbani. Sisi tunasema hapana, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, tuwakumbuke babu zetu. Zamani hapa Rungwe mtoto wa kiume akifika miaka 10 au 11 alitoka kwa wazazi, akajenga kibanda pamoja na wenzake wa rika. Wakikua walioa na kuishi hapo hapo. Jirani hakuwa lazima awe ndugu wa damu. Wazee wa darasa letu la kisomo wanatukumbusha jina lake: ukwangala, yaani kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza pamoja. Vijana walilima mashamba ya baba zao, na saa ya chakula walikwenda kwa kundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Aliyekwenda kwao kula peke yake alionekana hana adabu. Wataalamu Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa huku kati ya 1934 na 1938 wakayaona hayo, na Monica akayaandika katika kitabu kilichotoka 1951.

Pili, babu zetu walijua kuachia. Mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe ya ubusoka, wazee wakawakabidhi vijana utawala na kuwapisha katika ardhi. Sasa jamani, sisi eka moja itushinde?

Tatu, tuseme kweli. Wasichana hawakuwa na vijiji vyao vya rika. Tena ardhi ilipopungua, na fedha ya kahawa na chai ilipoingia, kila mtu akashika chake na vijiji vile vikafifia. Hatutaki kurudisha vibanda. Tunataka ile tabia ya chungu kimoja, na safari hii wasichana wamo. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu binti aliyejifungua arudi shuleni. Kama darasa limempokea, shamba letu limfukuzeje?

Nne, iko faida. Kwa sheria ya 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana hukopeshwa kwa kikundi. Kikundi kilichoanza kwa kubaguana kitavunjika kabla ya kulipa deni.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Kila kijana anayeishi kijijini aingie, awe mwenyeji au mhamiaji, mvulana au msichana.

2. Asiye na kiingilio alipe kwa jembe, siku mbili za kazi.

3. Siku ya kazi chakula kipikwe kwa zamu, nyumba kwa nyumba, na wote wale pamoja. Wavulana wachanje kuni na kuchota maji. Mzigo usiwe wa akina mama peke yao.

4. Asiyeweza kulima kwa sababu ya ulemavu ashike daftari la mahudhurio na mauzo, na mgao wake uwe sawa na wa wenzake.

5. Asiyejua kusoma aje darasani jioni, ili daftari hilo alisome mwenyewe, asisomewe.

Ndugu wanaushirika, viazi vitakuwa tayari kwa miezi mitatu au minne. Mparachichi wa kubandikiwa hutaka kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa. Vijana watakaoutunza mti huo ni hawa hawa tunaobishana juu yao. Kura itapigwa mkutano ujao. Njooni wote, na mwenye neno alisemee mkutanoni, asilisemee kilabuni.